Mshika Breki wa Behewa la Mwisho

Breki ya behewa la mwisho ilikuwa imekazwa, na hapakuwa na mtu aliyeikaza.

Toader ndiye aliyegundua. Treni ya magogo ilikuwa inateremka kutoka msituni asubuhi ya jua kali, na Lorinț dereva alikuwa amefunga mvuke kama kawaida, maana kwenye mteremko ule injini haivuti kitu. Uzito wote wa magogo unashikwa na mikono ya watu. Kila behewa lina gurudumu lake la breki na mtu wake wa kulizungusha. Filimbi ya injini ikilia mara moja, kaza. Ikilia mara mbili, legeza. Babu zao waliteremka hivyo, na wao wanateremka hivyo. Lakini behewa la mwisho siku hiyo halikuwa na mtu. Lilikuwa la Gavrilă, na Gavrilă alikuwa amezikwa juma lililopita, na wenzake walikubaliana mahali pake pasikaliwe mpaka arobaini yake ipite.

Basi walipofika katikati ya daraja jipya, treni ikasita, ikalia, ikashikwa, kama mbuzi anayevutwa kamba kwa nyuma. Ikasimama.

"Nani amekaza?" Lorinț akapiga kelele kutoka kwenye injini. "Nimepiga mbili! Mbili ni legeza, enyi viziwi!"

"Mimi nimelegeza!"

"Na mimi! Usinitukane bure, mzee!"

Toader, aliyekuwa behewa la pili kutoka nyuma, akageuka. Gurudumu la Gavrilă lilikuwa limezungushwa mpaka mwisho. Moshi mwembamba ulitoka chini, na harufu yake haikuwa ya chuma na mti ulioungua tu. Ilikuwamo harufu ya tumbaku, ile ya bei rahisi aliyokuwa akiisokota Gavrilă kwenye karatasi ya gazeti, ambayo mkewe alimkataza kuivutia ndani ya nyumba.

Toader akanyoosha mikono ailegeze. Chuma kilikuwa baridi. Kilikuwa cha moto mahali pawili tu: pale mtu anapoweka kiganja cha kulia, na pale anapoweka cha kushoto.

Akarudi mbele akikanyaga taruma la reli moja moja, polepole, kama mtu anayepita chumba chenye mgonjwa.

"Lorinț," akanong'ona.

"Nini tena?"

"Usipige kelele. Njoo uone."

"Nina moto hapa, bwana. Wewe sema."

"Sisemi. Nikisema nitajisikia mwenyewe."

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho yake tena. Mahali palepale, katikati ya daraja, juu ya nguzo ile kubwa iliyosimama mtoni. Bwana Pascu, mkuu wa reli, mtu wa shati jeupe na sauti ya kuamrisha mbwa, akasema ni hujuma ya walevi. Akaamuru breki ya behewa lile ing'olewe yote, gurudumu, fito na vibao vyake. Wakaing'oa. Behewa likateremka halina breki hata ya dawa, na lilipofika juu ya nguzo likashika reli mpaka cheche zikaruka.

Jumamosi wakapandisha watalii kwa mabehewa ya abiria. Mama mmoja mnene kutoka mjini akamgusa Toader begani. "Samahani, kijana. Yule mwenzako wa nyuma kabisa ana nini? Anapiga buti chini tangu tuingie darajani. Nimemwita hageuki."

Nyuma kabisa hapakuwa na mwenzake. Lakini Toader naye alikuwa amezisikia buti. Du, du. Du, du. Ndivyo alivyokuwa akifanya Gavrilă mwezi wote wa Julai kabla hajafa, jua linachoma watu mgongo, yeye anatetemeka ndani ya koti la manyoya ya kondoo na kupiga miguu chini apate joto.

Wiki tatu zikapita hivyo, kisha Pascu akamleta padri. Padri akasimama darajani na bakuli la maji ya baraka na kichala cha mrehani cha kunyunyizia. Alinyunyiza mara ya kwanza, mrehani ukanyauka. Mara ya pili ukapukutika mkononi mwake kama majani ya chai. Padri akafunga kitabu chake.

"Endelea, Baba," Pascu akasema. "Mfukuze shetani huyu."

"Shetani ningemjua," padri akajibu. "Huyu amebatizwa. Nimemzika kwa mkono wangu. Nimfukuze aende wapi?"

Hakuna aliyetaka kumwambia Axenia, mjane wa Gavrilă. Mwisho Toader akaenda, kofia mkononi, akasimama mlangoni.

"Umekuja kula au kusimama?" Axenia akauliza. "Sima ipo, jibini lipo. Kaa."

"Shemeji, sikuja kula."

"Wewe? Basi kuna mtu amekufa tena."

Toader hakucheka. Akamweleza yote kwa sauti ya chini akitazama sakafu. Axenia aliendelea kukata sima kwa uzi kama wanavyoikata wanawake wa kule, kipande, kipande, mpaka uzi ukakatika mkononi mwake.

"Mume wangu alikuwa anabeba gogo begani akiimba," akasema. "Ghafla akaanza kuisha. Daktari akasema moyo mzima, mapafu mazima. Akafa amekaa kazini, ameshika breki, juu ya daraja lenu, mkambandua vidole kimoja kimoja. Nikasema haya, ni Mungu. Nikanyamaza. Sasa unakuja kuniambia bado yuko kazini? Hata kufa hamkumpa likizo?"

"Shemeji, wenzangu wanasema labda ni jini la msitu limevaa sura yake."

"Majini ya msitu yanajua breki?" Axenia akafoka. "Toka, Toader. Siyo kwa ubaya. Toka tu, kabla sijakurushia sufuria."

Kesho yake adhuhuri akaenda mwenyewe. Mto ulikuwa mdogo, ndege wamenyamaza, jua liko utosini. Akashuka kando ya maji mpaka karibu na nguzo, akasikia buti. Du, du. Akainua macho akitegemea kumwona mtu juu ya daraja, asione mtu, na alipoyashusha ndipo alipoona kwamba kivuli chake mwenyewe kimejikunja chini ya nyayo zake kama paka, kama kinavyopaswa adhuhuri, lakini kwenye mawe ya nguzo kilikuwapo kivuli kingine, kirefu, kivuli cha jua la asubuhi mahali ambapo asubuhi ilikuwa imepita zamani, kivuli cha mtu mwenye mabega mapana aliyeinama juu ya gurudumu, na mikono yake haikuwa na mwisho, iliingia ndani ya gurudumu na gurudumu likaingia ndani yake, na kila buti zilipopiga kivuli kile kilizungusha, kikakaza, na kila kilipokaza Axenia alihisi mbavu zake mwenyewe zikibanwa, pumzi ikipungua, maji ya mto yakipunguza mwendo miguuni pake, mpaka akajua kwamba kikizungusha mara moja zaidi moyo wake utasimama kama treni ilivyosimama.

"Gavrilă," akasema kwa pumzi iliyobaki. "Ni mimi. Legeza."

Kivuli kikageuza kichwa. Hakikuwa na uso, lakini kilimjua, kwa sababu kilianza kutikisika mabega. Kilikuwa kinalia, au kilikuwa na hasira, na kwa mwanamume yule hivyo vitu viwili havikuwahi kuwa mbali. Mikono ikajaribu kubanduka kwenye gurudumu. Haikubanduka.

Axenia hakupita nyumbani. Viatu vimejaa maji, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Parasca, mwaguzi, aliyeishi mlimani juu ya kanisa na mbuzi wake.

Bibi Parasca akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Nguzo ile ilianguka mara ngapi walipokuwa wanaijenga?"

"Kila mvua ikinyesha, bibi. Kisha ikasimama."

"Ikasimama yenyewe?" Bibi kizee akatema mate chini. "Wamempima, mwanangu. Wamempima kivuli."

Axenia akakaa chini. Alilijua jambo lile, kila mtu bondeni analijua, ila watu hudhani ni la zamani. Mwashi akiona ukuta unakataa, humvizia mtu jua likiwa chini, akanyoosha uzi juu ya kivuli chake tangu kisigino hadi utosi, akaukata, akaujengea ndani ya ukuta. Ukuta unasimama. Mtu yule anaisha polepole, na akishakufa anakuwa mlinzi wa mawe yale.

"Lakini mlinzi wa ukuta hushika ukuta," Bibi Parasca akasema. "Huyu wako anashika treni. Kuna mjinga amekosea kitu. Arobaini yake lini?"

"Ijumaa."

"Basi mpaka adhuhuri ya Ijumaa roho yake bado inaweza kuvuka. Jua likipita utosini, atakuwa jiwe kati ya mawe, na hutamtoa kwa ibada wala kwa nyundo. Uzi utolewe, na autoe aliyeuweka. Mkono mwingine hautauona."

Axenia alimkuta fundi Ilieș kwenye karakana ya treni, mchana, anakula nyama ya nguruwe kwa kisu. Alikuwa amejenga nguzo ile tangu chini. Washika breki wote walikuwapo, na Lorinț, na Pascu amesimama mlangoni na mwavuli wake mweusi uliokunjwa. Axenia hakusalimia.

"Umempima mume wangu."

Ilieș akaweka kisu chini. "Mama, nani amekujaza maneno hayo?"

"Yeye. Yuko pale ukutani, ameinama juu ya breki."

Ilieș akainuka. "Ameinama juu ya breki?"

"Ameshikamana nayo. Hawezi kuiachia."

"Ee Mungu wangu," Ilieș akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Hakuwa amesimama chini. Hakushuka! Treni ilisimama asubuhi ile kwenye reli ya muda, nikamngojea ashuke, hakushuka. Kivuli kilianguka pale kwenye changarawe, chake na cha gurudumu, kitu kimoja. Ningevitenganishaje? Nikavuta uzi juu ya vyote."

 Toader akamrukia, na ilibidi watu watatu wamshike.

"Kwa nini yeye?" Axenia akauliza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyowatisha. "Mabonde yamejaa watu. Kwa nini wangu?"

Ilieș akatazama mlangoni. Watu wote wakatazama mlangoni.

"Nilimwomba saruji," Ilieș akasema. "Kila siku. Bwana Pascu, si nilikuomba? Ulinipa mchanga na majivu. Gavrilă akaja akaipiga nguzo teke, ikamwagika, akacheka mbele ya watu wote. Jioni ile ukaniambia, chukua cha yule jitu, ana nguvu na ana mdomo. Kwa kilichomo ndani ya ile nguzo, ni roho ya mtu tu ingeishikilia!"

"Mshenzi wewe," Pascu akasema. "Umelewa."

"Nimelewa, lakini sisemi uongo."

Pascu akaingia ndani na kubadilisha sauti, akaifanya laini. "Sikilizeni, jamani. Tuseme ni kweli. Uzi ukitoka, nguzo inaanguka. Nguzo ikianguka, hakuna magogo, hakuna watalii, na baridi inakuja. Watoto wenu watakula nini? Tutafute njia ya kati. Ilieș atoe huo, aweke mwingine. Jogoo. Zamani walitia jogoo."

"Jogoo atashika nguzo ya mchanga?" Lorinț akauliza.

"Basi mtu wa kupita. Mtalii. Hatajua kitu, atafia kwao."

Nakuambia, hapo kuna waliotazama viatu vyao. Hawakusema ndiyo. Hawakusema hapana pia, na Axenia aliwaona mmoja mmoja, watu waliokula mezani kwake.

"Haya," akasema. "Nani atampima? Wewe, Petru? Inama basi, nikuoneshe inavyofanywa. Wewe? Nimekaa na mtu miezi miwili, mchana kazini, usiku anaisha kitandani kwangu, nikimgeuza kama mtoto, nikimwekea matofali ya moto miguuni, na nyinyi mnakuja na mchuzi wa kuku mnasema pole. Pole ya nini? Nguzo haina saruji! Mseme nguzo haina saruji! Hilo tu limewashinda, mkaona rahisi kumpa mtu?"

Lorinț akavua kofia yake ya masizi. "Ijumaa nitaiwasha injini mimi," akasema. "Asiyetaka, asije."

Ijumaa walikuja karibu wote. Treni ikapandishwa darajani na mabehewa matupu, na kila mshika breki mahali pake, na la mwisho wazi. Ilieș alikuwa chini mtoni, maji kiunoni, anachokoa kati ya mawe kwa patasi. Bibi Parasca aliketi ukingoni na mshumaa uliowashwa na ngano tamu inayoliwa kwenye arobaini magotini. Pascu hakuonekana.

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Du, du. Du, du. Sasa kila mtu alizisikia.

"Haraka, mbwa wewe!" Toader akamfokea Ilieș kutoka juu.

"Mchanga umekuwa mgumu! Haukuwa mgumu hivi, naapa, ulikuwa unamenyeka!"

Ndipo chuma kikaanza kulia. Gurudumu la behewa la kwanza likazunguka lenyewe mikononi mwa mshika breki wake na kukaza, kisha la pili, kisha la tatu, moja baada ya jingine, huku watu wakiachia na kupiga ishara ya msalaba, na kila lilipokaza pumzi za watu zilikazwa pamoja nalo, Lorinț akashika kifua, mbuzi wa mlimani wakaacha kulia, harufu ya tumbaku ikajaa bonde zima mpaka macho yakawasha, na chini pale Ilieș alikuwa ameingiza mkono ukutani hadi kwenye bega na anapiga mayowe kwamba kuna mtu amemshika, kuna mtu amemshika vidole na hataki kumwachia, na Axenia akaingia mtoni na nguo zake, akamshika Ilieș kiunoni, akauegemeza mdomo wake kwenye jiwe na kusema kama anavyosema mke na mume mlango ukiwa umefungwa:

"Mwachie. Si kwa ajili yake, huyu hastahili. Mwachie nikutoe."

Mkono ukatoka. Uzi ulikuwa umejiviringisha kwenye vidole vya Ilieș, umelowa, na ulikuwa wa moto.

Axenia akapanda nao ukingoni, akakimbia juu ya mataruma mpaka kwenye injini. Lorinț alikuwa amefungua mlango wa tanuri. Akautupa ndani. Haukuungua kama uzi, uliungua kama mafuta.

"Sasa," Axenia akasema akihema. "Mpigie."

Lorinț akavuta kamba ya filimbi. Mara mbili.

 Halafu gurudumu la behewa la kwanza likarudi nyuma taratibu, halina mkono juu yake. La pili likafuata. Wakasikia breki zikiachia moja baada ya nyingine kuelekea nyuma, bila haraka, kama fundi mzuri anayemaliza zamu yake, mpaka behewa la mwisho kabisa. Hapo buti zikashuka. Hatua ya kwanza ilikuwa kwenye chuma, ya pili kwenye mti, ya tatu kwenye changarawe upande wa pili wa mto. Ya nne hawakuisikia. Mshumaa wa Bibi Parasca ukainama upande ule, ukasimama tena.

Treni ikavuka.

Magogo yaliteremka mwezi mmoja zaidi. Kisha mvua za vuli zikaja, na asubuhi moja nguzo ikalala ndani ya maji. Ilijilaza bila kelele nyingi, ikachukua reli pamoja nayo. Hakukuwa na mtu juu yake.

Mvua ilipokatika walikuja nyumbani kwa Axenia. Walikuwa wengi, wanawake kwa wanaume, matope mpaka magotini.

"Toka nje!" mke wa Petru akapiga kelele. "Umefurahi sasa? Mume wako amelala, wetu wamekaa bila kazi! Watoto wangu watakula nini baridi yote, wale arobaini yako?"

"Ungemwacha tu!" mwingine akadakia. "Alikuwa ameshakufa!"

Axenia akatoka na aproni yake, mikono ina unga. Akawatazama mpaka kelele zikapungua. Nyuma yao alimwona Bwana Pascu amesimama chini ya mwavuli wake, kivuli chake kimefichwa, na jua lilikuwa linawaka.

Petru alikuwa amebeba pande la ile nguzo, amelileta kama ushahidi. Axenia akalichukua mkononi mwake. Akalifinya. Likamwagika lote kati ya vidole vyake, mchanga na majivu, kwenye ngazi yake safi.

"Nimepanga kushinda nikioka mkate," akasema. "Nendeni mkajenge daraja. Safari hii tieni saruji."